Nguzo Nyuma ya Rafu ya Vitabu

Baba,

Umefika ukurasa wa ngapi? Hivyo ndivyo ulivyozoea kunisalimu kwa simu, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Leo naanza mimi, ingawa jibu la upande wangu ni la aibu. Januari tuliahidiana vitabu ishirini na vinne kila mmoja, viwili kwa mwezi, na atakayeshindwa amchinjie mwenzake jogoo. Ukafa Machi. Siku ya mazishi, udongo ukiwa mkononi, nilisema moyoni kwamba nitasoma vyangu na vyako pia. Sasa ni Oktoba na nimemaliza tisa tu. Simu, ambamo naandika kila kitabu ninachosoma, inanitumia ujumbe kwamba niko nyuma. Kana kwamba sijui!

Si uvivu, Baba. Kila wikendi natoka Oyugis nakuja nyumbani Uriri, nakaa kwenye kiti chako karibu na rafu, nafungua kitabu. Nasoma ukurasa, narudia, narudia tena. Sikio langu halimo kitabuni. Limo ukutani, ambamo kuna kitu kinatafuna polepole, kama mbuzi anayekula mabua makavu. Nikigonga kwa kiganja, kinanyamaza. Nikirudi kwenye sentensi yangu, kinaanza tena.

Mwanzoni nilimwambia Mama ni panya. Kisha Jumamosi iliyopita nikavuta kile kitabu chako kinene cha magonjwa ya mifugo, ulichokuwa ukienda nacho mnadani Ogwedhi kuchanja ng'ombe wa watu. Jalada lilikuwa zima, hata jina lako lilisomeka. Ndani hamkuwa na kurasa. Mlikuwa na udongo, na mchwa weupe wakiukimbia mwanga. Nilicheka kidogo, nikasema mchwa wa Uriri wamenishinda kusoma. Halafu nikaisogeza rafu, nikaiona nguzo iliyo nyuma yake, ile inayobeba paa upande wa kitanda cha Mama. Nikaigusa kwa kidole. Kidole kikazama.

Niliogopa, Baba. Bado naogopa.

Unaijua mila yetu kuliko mimi. Nyumba ya mjane haitengenezwi mpaka arithiwe na ndugu wa mumewe, na Mama amekataa kurithiwa. Baba Mdogo alikuja na wazee wawili, wakanywa chai, akasema, "Mtu mwenye atagusa hii nyumba kabla huyu mama aamue, chira itamfuata. Itamaliza watoto yake." Mama hakupandisha hata sauti: "Mimi niliolewa mara moja tu. Kama nyumba inataka kuanguka, wacha ianguke na mimi ndani." Nimemsihi aje alale kwangu Oyugis. Anasema mama mkwe halali kwa mkwewe, hiyo nayo ni mila. Ukaidi wake unaujua, uliishi nao miaka yote hiyo.

Mafundi wa hapa wamekataa wote, hata yule tunayekaa naye benchi moja kanisani. Ungekuwa na mtoto wa kiume labda angebishana na Baba Mdogo. Una mimi, binti aliyeolewa, ambaye kwa maneno ya wazee ni mgeni hapa. Na mvua za mwaka huu zimeanza vibaya. Zinakuja na upepo, paa linalia, na unga wa mbao unadondoka juu ya blanketi la Mama. Asubuhi anaupangusa kama makombo ya mkate, kisha anatandika kitanda palepale.

Wewe ulikuwa ukiicheka hiyo laana ya chira. Ulisema, "Hiyo ni magonjwa tu, nyathina, mtoto wangu, magonjwa yenye hayajapimwa." Lakini sikukuona hata siku moja ukiivunja. Babu alipofariki, nyumba ya Nyanya ilivuja mpaka akawa analala ameegemea ukuta, na wewe, daktari wa mifugo, mtu wa vitabu, hukupigilia hata msumari mmoja. Uliniambia bado wakati wake haujafika. Nyanya akafa kwa kifua. Ulikuwa unaamini, Baba, au ulikuwa unaogopa kama mimi?

Nauliza kwa sababu nina mimba. Hukuwahi kujua, ilikuja baada yako. Mtoto ameanza kucheza, hasa nikikaa kwenye kiti chako.

Fundi nimempata Ogwedhi, mtu wa kutoka mbali. Alikubali haraka, mpaka watu walipomnong'oneza. Sasa ana sharti: ataliegemeza paa kwa miti mipya, lakini nguzo mbovu ing'olewe na mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo. Yeye hatakuwa wa kwanza kuigusa. Katika watu waliozaliwa humo, niliyebaki ni mimi.

Kwa hiyo lengo la mwaka huu nimeshindwa, na sitakudanganya kwamba nitalifikia. Vitabu vilivyopona nitavianika juani. Vingine sitavisoma kamwe, na hilo linaniuma kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, Mama akienda kwenye maombi, fundi ataweka miti yake, nami nitaing'oa ile nguzo kwa mikono yangu. Nakuahidi. Hatalala tena chini yake.

Pumzika, Baba yangu. Kama chira haipo, hukunidanganya na tutaishi. Kama ipo, uko karibu nayo sasa kuliko mimi. Iambie aliyeigusa nyumba ni mimi, si huyu aliye tumboni.

Binti yako.