Uso wangu wa poka na karatasi ya kopi ishirini

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Upepo wa Dodoma leo umeamua kuhamishia vumbi lote la Chamwino kwenye kibanda changu. Mashine ya kopi nimeifunika kwa khanga ya mke wangu. Sina hasira, sina furaha. Nipo tu.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ndiye mcheza poka bora kati ya Tunduma na Singida. Wapo watakaobisha, ila hawana kompyuta. Nilifundishwa na madereva wa malori ya kusini enzi zangu za utingo, tukingoja karatasi za mpakani siku nne, siku tano. Shule niliachia darasa la sita. Chuo changu kilikuwa kivulini mwa tela.

Rafiki yangu Chilewa ni mtu wa chesi. Ni karani wa stoo katika shirika moja hapa mjini, mtu wa kunyoosha suruali hata akienda kununua nyanya. Chesi alifundishwa Kongwa akiwa mtoto, na mpigania uhuru mmoja aliyekuwa kambini pale. Kila Jumamosi mchana tunakaa hapa kibandani: kwanza mchezo wake, halafu wangu wa karata, tukishindania visoda vya chupa. Miaka tisa sasa, na bado tunabishana upi unataka akili zaidi.

Yeye anasema poka ni bahati iliyovaa tai. Mimi namwambia chesi ni mchezo wa watu wasio na siri. Kete zangu anaziona, zake naziona, na bado ananifunga, maana yeye anaona hatua tano mbele na mimi naona chai. Chesi inataka kumbukumbu, na makalio yanayovumilia kiti. Ukikosea, huna wa kumlaumu.

Poka unacheza na usichokijua. Karata mbovu unazitupa bila kununa, na kutupa ndiko kugumu kuliko yote. Halafu unamsoma mwenzako: anavyomeza mate, anavyopanga visoda vyake. Uso wako unaufunga kama duka lililosikia watu wa kodi wako mtaani.

Uso wangu haukuwahi kufunguka.

Jana alikuja dada mmoja, katibu muhtasi wa shirika la Chilewa. Mashine yao imekufa, akataka kopi ishirini za orodha ya watakaopunguzwa kazi mwekezaji akiingia. Itabandikwa Jumatatu. Mtu wa kopi hasomi, ndiyo heshima ya kazi yetu. Nilisoma. Chilewa ni wa saba. Dada akaniomba nisiseme, nikamwapia kwa watoto wangu.

Ningengoja Jumatatu kama watu wote. Tatizo ni kesho. Kesho Chilewa ana kikao cha ukoo Chamwino, na wiki nzima amekuwa akinisimulia atakachosema: shamba la marehemu baba yao anamwachia mdogo wake lote, kwa sababu yeye ni mtu wa mshahara. Akishatamka hivyo mbele ya wazee, hawezi kurudi Jumanne kulidai.

Basi leo tukacheza. Kwenye chesi akanifunga, kawaida. Kwenye poka nikapata wafalme watatu, karata za kushinda kabisa, nikawatupa, nikamwachia visoda vyote. Uso jiwe. Hata mimi nilijisifu moyoni.

Chilewa akazigeuza karata nilizotupa, kitu ambacho kwenye poka hakifanywi. Akawaangalia wale wafalme watatu.

"Na leo hujanitukana," akasema.

Hapo nilijua nimekwisha. Mimi Mnyamwezi, yeye Mgogo, ni watani. Hajawahi kukanyaga kibanda hiki bila mimi kumuuliza kama mlenda umemwishia nyumbani. Yeye huniita mpagazi, eti babu zangu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Siku ya kumzika baba yake nililala ndani ya kaburi, nikagoma kutoka mpaka nipewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Leo, mimi huyuhuyu, nilimwambia karibu ndugu yangu, nikamfutia na kiti.

Uso niliufunga. Mdomo nikausahau.

"Baba yangu ulimtania akiwa kwenye jeneza," akasema. "Sasa leo kuna msiba gani? Mpagazi, tua mzigo."

Nikatua.

Aliuliza ni namba ngapi, nikamwambia saba. Akakusanya kete za chesi moja moja, akazirudisha kwenye boksi kwa mpangilio, mfalme mwisho. Kisha akasema heka tatu zitamtosha mdogo wake, na tatu ataomba abaki nazo. Nadhani alishaziona hizo hatua kabla hajafunga boksi. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuweka mikono.

Alipofika mlangoni nikashindwa kuvumilia.

"We mla mlenda, utalima na hiyo suruali ya pasi?"

Hakugeuka. "Jembe utanibebea wewe, mpagazi."

Yule dada nimemvunjia ahadi. Jumatatu nitamfuata mwenyewe nimwambie, na akinitukana ana haki, hata kama si mtani.

Kesho naamka alfajiri. Kikao ni saa tatu, na nimeshaazima jembe kwa jirani.