Aliyekata Kashata za Athumani

Baba Rukia,

Salamu nakupa, maana salamu ni haki ya aliye hai na aliyetangulia. Dua pia nakuombea kila baada ya swala, sijaacha hata mara moja. Lakini maneno laini usiyatarajie katika barua hii. Eda yangu imekwisha juzi. Nimekoga, nimebadili nguo, nimefungua mlango wa karakana kwa mkono wangu, na badala ya kulia nimepandwa na hasira. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani nikisikiliza watu wakija barazani kusifu mikono yako, na kila sifa ilinichoma.

Mikono yako, Athumani. Leo nakuita kwa jina, uniwie radhi. Mikono ambayo kwa miaka sita haikuweza kushika kikombe cha chai bila kukimwaga.

Mimi na wewe tu ndio tuliojua. Watu wa Changamwe walijua kuwa wewe ndiye fundi wa kukereza vyuma, na kwamba hakuna aliyekushinda kwa kutia meno kwenye mpini. Wale vijana wanaofunga makontena melini walikuletea vyuma vyao vya kukazia, vimelainika kwa kushikwa, wakivigusa na jasho na grisi vinawaponyoka. Ulivifunga kwenye mashine vikazunguka, ukavikandamizia yale magurudumu mawili madogo yenye meno, moja mistari yake imelala kulia na jingine kushoto, na chuma kikatoka kina vijumba vya pembe nne vilivyopangana kama kashata kwenye sinia. Ndivyo walivyoviita, kashata za Athumani. Aliyezishika mkono haumtelezi.

Kisha kidole gumba chako cha kulia kikaanza kucheza. Ukasema ni uchovu. Kikafuata kiganja, ukafuata mkono wa pili. Daktari akasema ni mishipa ya fahamu, dawa itapunguza lakini haitaondoa. Siku uliyoharibu vyuma vitatu mfululizo ulikuja jikoni, ukakaa kwenye kibao cha kukunia nazi, mtu mzima na urefu wako wote, ukaniambia, "Mama Rukia, watu wakijua nimekwisha." Nilikuwa nachambua mchele. Ukasema, "Njoo unishikie tu."

Nikushikie tu. Kushika huko kukawa miaka sita.

Tukajipangia. Asubuhi wewe ulipokea wateja, mikono umeifumbata nyuma ya kiuno, na watu wakadhani ndiyo haiba ya fundi mkubwa. Ulizungumza nao, ukacheka nao, ukawaambia warudi jioni. Ikifika adhuhuri unafunga mlango, unaegemeza kile kibao cha kusema umekwenda kula. Hapo ndipo nilipoingia kwa mlango wa jikoni, nimevaa suruali yako ya kazi na fulana iliyonibana, maana ulinikataza nguo yoyote inayopepea karibu na chuma kinachozunguka. Ikiadhiniwa alasiri nimeshamaliza, nimerudi jikoni, na wewe umefungua mlango kama kwamba hakuna lililokuwa.

Ulinifundisha vizuri. Hilo ndilo linalonikera, kwamba siwezi hata kusema ulikuwa mwalimu mbaya. Ulinifundisha kuzungusha polepole, kutia mafuta, kutogusa chuma kwa tambara kabla hakijasimama. Ulinifundisha kwamba unene wa chuma lazima uingiane na meno ya gurudumu, la sivyo meno yanakanyagana, kashata moja inakatwa juu ya nyingine, na chuma kinakuwa kama kimetafunwa na panya. Na kwa kuwa hukuweza kunielekeza kwa mkono, ulinielekeza kwa masikio. Ulisimama nyuma yangu ukaniambia, "Sikiliza. Kikiingia sawa kinavuma kama nyuki. Kikikosea kinasaga kama mtu anayetafuna mchanga." Mkono wako ulikuwa begani kwangu, unatetemeka, nami nikajifunza kuutuliza mkono wangu ilhali bega linatikisika. Siku kashata zangu za kwanza zilipotoka safi, ulizipitishia shavu lako, kwa sababu vidole vilikuwa havitulii. Ukatokwa na machozi. Nilikupenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu.

Sasa nikukumbushe na siku nyingine. Mutua, yule kijana wa Kikamba anayefanya kazi ya kufunga makontena, alikuja kabla ya wakati aliopewa, mlango tumesahau kuutia komeo, akanikuta karakanani, viganja vimejaa mafuta na unga wa chuma. Akauliza kwa utani kama mama naye ni fundi. Nikakutazama wewe. Nilitaka kujua utasema nini. Ukacheka, ukamwambia, "Huyu hunifagilia tu."

Nilikwenda jikoni nikaosha mikono mpaka ngozi ikaniuma. Mutua alipoondoka nilikuuliza, nawe ukaniapia wallahi kwamba utawaambia watu, ila tungoje Rukia amalize masomo. Rukia akamaliza. Ukasema tungoje aolewe. Akaolewa, akahamia Kiembeni. Ukasema tungoje Ramadhani ipite. Nami nikangoja, kama mjinga, Ramadhani moja baada ya nyingine, nikikata kashata zako adhuhuri na kukulisha wali kwa kijiko jioni.

Halafu ukaanguka ukitia udhu. Na hapa ndipo penyewe, Athumani, hapa ndipo ninaposhindwa kukusamehe. Siku ya kwanza hospitalini ulimi wako ulikuwa mzima. Ulizungumza. Ulimkemea muuguzi juu ya uji. Mchana wake Mutua akaja na ndugu yako Hamadi. Mutua akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akakuambia kwa Kiswahili chake cha bara kwamba mvua iliwakuta juu ya meli, wenzake wawili vyuma viliwachomoka wakaanguka, chake yeye hakikutoka mkononi. "Mzee, hizo kashata zako ndio zimefanya niko hapa," akasema. "Mungu abariki hiyo mikono yako."

Nilikuwa nimekushika mkono huo huo. Nikaufinya. Hukuwa na haja ya kueleza mengi. Neno moja lingetosha, hata kunielekeza kidevu tu. Ukamtazama Mutua, ukatabasamu, ukasema, "Alhamdulillahi." Kisha ukageuza uso ukutani.

Kesho yake ulimi ukawa mzito. Siku ya tatu tukakuzika.

Nikakaa eda. Wanaume barazani, mimi ndani. Wakawa wanasema hawajapata kuona fundi ambaye mkono wake ulizidi kutulia kadiri alivyozeeka. Mwenzao mmoja akasema zile za mwisho mwisho zilikuwa safi kuliko za ujanani. Nikacheka peke yangu chumbani mpaka shoga yangu aliyekuwa amekuja kunifariji akadhani nimerukwa na akili.

Mwezi wa tatu Hamadi akaja. Simsemi vibaya, alikuja kwa adabu. Akaniambia mashine imekaa bure, itashika kutu, na amepata fundi wa Mishomoroni anayeitaka. Ana haki yake katika mirathi, hukuacha mtoto wa kiume, hilo nalijua. Aliniuliza, kwa upole kabisa, mimi nitaifanyia nini. Nikanyamaza. Kunyamaza nako ulinifundisha.

Jumamosi akamleta huyo fundi, Onesmo. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni. Onesmo alitaka kuijaribu mashine kabla ya kuichukua, akaokota chuma alichokiacha Mutua kabla hujafa, kilichokuwa bado kitupu. Nikasikia akikifunga, mota ikanguruma, akakandamiza magurudumu. Kikasaga. Akasimamisha, akaanza tena. Kikasaga zaidi. Akamwambia Hamadi kwamba mashine imechoka na magurudumu yamekwisha meno. Hamadi akaanza kuomba radhi kwa niaba yako.

Magurudumu yale niliyabadilisha kwa mkono wangu wiki chache kabla hujaanguka. Kinywa changu kikafunguka chenyewe. Nikasema kutoka nyuma ya pazia, "Magurudumu ni mapya. Unene ndio uliokataa. Punguza kiasi cha unywele, uanze upya, na mwanzo ukandamize kwa nguvu."

Nikasikia Onesmo akikipunguza, taratibu. Akaanza upya. Mashine ikavuma.

Akauliza ni nani huyo. Hamadi akamwambia ni mjane wa marehemu, alikuwa akimfagilia.

Nilivuta ushungi, nikafungua pazia, nikasimama mlangoni. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikizikata. Miaka sita. Mikono ya Athumani ilikuwa haimtii."

Hamadi hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba namvunjia heshima marehemu ambaye hawezi kujibu. Nikamwambia alikuwa hai miaka sita na hakujibu. Hamadi akatazama chini. Ni ndugu yako, nilimwonea huruma. Nadhani wakati ule alikuwa anakumbuka mikono uliyokuwa ukiifumbata nyuma.

Onesmo yeye hakuingia katika maneno yetu. Aliniuliza chuma chembamba nakizuiaje kisipinde kikikandamizwa. Nikamwambia. Akaniuliza ncha zikitoka kali mno nazifanyaje zisimkate mtu kiganja. Nikamwambia napitisha tupa kidogo, chuma kikiwa kinazunguka polepole, tupa ikigusa kama mtu anayempangusa mtoto. Akaitikia kwa kichwa, akafuta mikono, akamwambia Hamadi hawezi kuchukua mashine ambayo fundi wake yupo.

Habari zikaenea. Usifikiri watu walinishangilia. Wako wanaosema huzuni imenigeuza akili. Wako wanaosema hata kama ni kweli, mke mwema angeficha. Wateja wengine wamekwenda kwingine na hawajarudi, na wawili walirudisha mipini niliyoikata mimi, mizima kabisa, wakisema sasa inawatia wasiwasi. Kwa hiyo nakupa haki yako: hukuogopa bure. Ulikuwa na sababu. Lakini kuwa na sababu kusingekuzuia kunitaja kwa mtu mmoja, kwa Mutua, ukiwa kitandani.

Rukia alikuja kutoka Kiembeni siku aliposikia. Nilidhani atakukasirikia wewe. Alinikasirikia mimi. Aliniuliza, "Mama, kwa nini ulikubali?" Nilimjibu kwamba tulihitaji kula, na ni kweli. Lakini si kweli yote, na kwa kuwa huwezi kumwambia mtu, nitakuambia wewe. Nilikubali kwa sababu zile saa za adhuhuri, mlango umefungwa, ndizo saa pekee ulizoniuliza mimi nionavyo. Ukiniuliza je, kimeingia? Je, tupunguze? Miaka ishirini ya ndoa kabla ya hapo hukuwahi kuniuliza jambo ukangoja jibu. Nikaogopa kwamba nikidai jina, nitakosa na hizo saa. Basi hasira hii nimeigawa, nusu ni yako, nusu ni yangu.

Na Hamadi tumeelewana. Kachukua pikipiki na mashine ya kuchomelea, hii ya kukerezea imebaki kwangu na kwa Rukia. Bado haniangalii usoni, lakini jana alinitumia muhogo.

Jana hiyo hiyo Mutua alikuja na vyuma viwili. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaitazama mikono yangu. Halafu akasema, "Mama, kumbe ni wewe nilikuwa nafaa kushukuru siku ile. Nisamehe, sikujua." Kwake yeye ilichukua dakika moja.

Nikamwambia akae. Nikavaa suruali yako, nikafunga chuma. Akataka kunifungia mlango, akidhani naona haya, nikamwambia auache. Ilikuwa saa nne za asubuhi. Watu wakapita, wengine wakasimama, mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akasimama mpaka nikamaliza. Mkono wangu haukutetemeka. Nilikuwa sijapata kuiona kazi yangu katika mwanga wa jua, Athumani. Ni nzuri.

Hayo ndiyo yaliyotokea tangu uondoke. Sasa nikuage.

Atakayeniuliza nitamwambia ukweli wote, na wewe utapata fungu lako lote humo: kwamba uliugua, kwamba uliogopa, kwamba sikio hili ulinipa wewe. Sitakuficha na sitakupunja. Rukia amesema atakuja Jumamosi nimfundishe, nami nimekubali. Nitamfundisha mlango ukiwa wazi, na kazi yake ya kwanza itakayotoka safi nitamtajia mteja jina lake, mteja akitaka asitake.

Radhi yangu bado sijakupa. Najua maiti anaihitaji, nami nitakuja kukupa, sitakwenda nayo kaburini. Ila sitaisema kwa mdomo tu kama ulivyokuwa ukiapa wewe. Siku itakapokuwa kweli nitakuambia, na hutahitaji kuningoja miaka sita.

Mungu akulaze pema. Kwaheri, mume wangu.

Mwanaisha