Hapana ya Mama Mghoi

Voi,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu mpendwa Nekesa,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye jua na vumbi jekundu. Mimi sijambo, kile kikohozi kilichokutia wasiwasi kimekwisha. Nyinyi je? Goti la Mama linamruhusu kufika kisimani, au bado anasema ni uchovu tu? Shemeji amemaliza kupalilia? Nasikia huko mvua inamwaga. Huku tunaitazama kwa mbali. Mawingu hukaa juu ya milima ya Taita mchana kutwa kama watu wanaotafuta neno la kusema, kisha jioni huondoka bila kulisema.

Uliniuliza mbona nimekuwa kimya. Nimeona heri nikuandikie, maana jambo lenyewe ni refu na kwenye simu ungenikatiza kwa maswali.

Unakumbuka ile programu ya simu niliyoitengeneza, inayofuata mwendo wa mkono? Nilimtengenezea Mama Mghoi, mama mmoja wa Mraru, kwenye barabara ya kwenda Taveta. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na upande mzima wa kulia. Mumewe, Mzee Mwadime, alikuja ofisini kwetu akaniuliza kama simu inaweza kumsemea mtu ambaye vidole vyake havina nguvu ya kubonyeza. "Lakini mkono wa kushoto unainuka," alisema, kama anayebembeleza bei.

Basi simu hufungwa kwenye mkono huo, ndani ya kifuko alichokishona Mzee mwenyewe. Mama akiinua mkono polepole, simu inasema, "Ndiyo." Akiutikisa upesi huku na huku, inasema, "Hapana." Kuna maneno mengine machache: maji, njoo, inauma. Sauti ni ya binti yao Mghoi, anayefanya kazi Mombasa. Alikuja akayatamka yote nami nikayarekodi. Siku hizi hata watu wa mbali nisiowajua wanaitumia, na kazi yangu ni kuitunza isiharibike kila simu zinapobadilika.

Sasa, majuzi simu zilibadilika. Wanaotengeneza mfumo wake walipunguza kasi ya programu kusoma mwendo, yaani isome mara chache zaidi kwa kila sekunde. Wanasema ni kwa usalama na kuokoa chaji. Nilisoma tangazo, nikaijaribu programu kwa mkono wangu, ikanijibu vizuri. Nikaridhika.

Halafu Mzee Mwadime akanipigia. "Wafula, njoo umuage Mama. Anahamia Mombasa kwa Mghoi."

"Amekubali?"

"Kila tukimwuliza anakubali," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetua mzigo mahali asipopapenda.

Nilikwenda Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita. Nyumba yao iko kwenye mteremko, na chini yake mistari ya mkonge inakwenda mpaka macho yanachoka. Mifuko ilikuwa imeshapangwa mlangoni. Mghoi alikuwa akikunja leso za mama yake. Mama alikaa kitini akitazama dirishani, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Analia tangu jana," Mghoi aliniambia. "Ni uchungu wa kuacha nyumba. Lakini ndiyo amesema mwenyewe. Kule hospitali iko karibu, Wafula. Na Baba mgongo umemshinda, hawezi tena kumwinua peke yake."

Alisema kweli.

Nikakaa kando ya Mama. Joto la mchana lilikuwa linatusinziza sote, hata kuku walikuwa wamelala. Nekesa, katika kazi hii mkono wa mtu huja kwenye kompyuta kama mstari unaopanda na kushuka. Nimeutazama mstari wa mama huyu mpaka ukaingia ndotoni mwangu. Nauona ukitembea juu ya vilele vya milima, taratibu, nami naufuata bila kuchoka wala kufika. Kwa hiyo nilipokaa pale nilihisi kama ndoto imenikalisha karibu na mkono wenyewe.

Nilitaka kumchekesha. "Mama, leo nimekuja na ndege. Imetua hapo kwenye mkonge. Umeiona?"

"Ndiyo," simu ikasema.

Mghoi alicheka. Mama hakucheka. Alinikazia macho, akainua mkono kidogo, akautikisa. Mtikiso mdogo sana, wa upesi, kama jani linaloguswa na upepo.

"Ndiyo," simu ikasema tena.

Nikafungua kompyuta, nikaiunganisha na simu, nikamwomba Mama arudie. Mstari ulipanda mkono ulipoinuka, kisha ukanyooka. Mtikiso wake haukuwepo kabisa. Mkono wangu mzima hutikisika kwa nguvu, simu ikaukamata. Wake ni mwepesi, kwa kasi ile mpya simu inaukosa. Inaona ule mwinuko wa mwanzo peke yake, na mwinuko maana yake ndiyo.

"Mghoi," nikasema, "acha kufunga mizigo. Mama amekuwa akisema hapana, na simu inamgeuzia maneno."

"Unasema nini, Wafula?"

"Nasema hatujui amekubali nini tangu simu ilipobadilika."

Mzee Mwadime alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Mghoi akabaki na leso mkononi. "Kwa hivyo nimemfungia mizigo mtu anayenikataa? Na ni sauti yangu inayomkubalia?"

Nilifanya kazi mezani kwao mchana ule wote. Niliifundisha programu isitazame kasi tena, itazame mkono unavyogeuka na kurudi, hata kama ni kidogo. Mama alirudia na kurudia, nami nikarekebisha. Treni ilipita mbali, mlio wake ukatufikia laini kana kwamba umetoka chini ya maji.

Hatimaye nikamwuliza, "Mama, ndege imetua kwenye mkonge?"

"Hapana."

Alishtuka. Akautazama mkono wake. Akautikisa tena. "Hapana." Tena. "Hapana. Hapana." Ule upande wa uso wake ulio mzima ukacheka, akaendelea kusema hapana kama mtoto aliyepata filimbi.

Mghoi akapiga magoti mbele yake. "Mama, utakwenda nami Mombasa?"

"Hapana."

Mghoi aliinamisha kichwa. Najua iliuma, alikuwa ameshampangia mama yake chumba. Lakini mkono ule ukasogea tena, ukavutwa kifuani polepole. "Njoo," simu ikasema. Akauvuta tena. "Njoo." Mghoi akalaza kichwa mapajani mwa mama yake, na mkono wenye simu ukatulia juu ya nywele zake.

Mifuko imerudi ndani. Si kwamba kila kitu kimenyooka: hospitali bado iko mbali na mgongo wa Mzee ni uleule. Wamepata mama jirani wa kusaidia, na Mghoi atakuwa akija kila mwisho wa mwezi. Mimi nimewatumia wote toleo jipya, hata wale nisiowajua. Sasa programu, kabla ya kumsemea mtu, inamwomba kwanza aseme hapana, na haiendelei mpaka imsikie sawasawa.

Kabla sijaondoka nilimwuliza Mama kama anataka nimwongezee neno. "Ndiyo." Tukabahatisha. Chai? Hapana. Kanisa? Hapana. Mvua? Hapana. Akachoka nasi. Akanyoosha mkono mpaka kwa mumewe, akaupitisha chini ya kidevu chake chenye ndevu.

Mghoi ndiye aliyeelewa. Nikamshikia simu, naye akalitamka huku akijizuia kucheka. Nikaingiza neno na mwendo ule kwenye programu, kisha Mama akapitisha mkono hewani vilevile.

"Baba Mghoi," simu ikaita.

Mzee Mwadime alikuwa ameketi hatua moja tu kutoka kwake. Lakini aliitika kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeitwa kutoka shambani: "Naam, mama! Niko hapa."

Nisalimie Mama, mwambie goti analificha bure. Msalimie Shemeji, na Mjomba Wanjala fundi wa baiskeli, na Shangazi Naliaka wa kwaya. Wanao wapige busu, hata yule mkubwa anayejiona mzee.

Ni mimi ndugu yako, ninayekuota mara kwa mara,
Wafula