Nyumba Ilivaa TV ya Mama Brayo

Mama,

Ni Wafula. Usishangae. Najua niliachia shule darasa la sita, lakini hii nimeandika mwenyewe, pole pole, Jumapili watu wote wa plot wakiwa kanisa.

Habari ni hii: dadangu Nekesa ameenda. Ametoka ile koleji ya Umoja, amechukuliwa na ile yunivasiti kubwa, ile tukipita ulikuwa unasema hata geti yake inaringa. Mwalimu wake ndiye alimwambia ajaribu kuhamia huko. Walioomba ni wengi, wakachukua wachache tu. Lakini bila kusaidiwa karo hangeenda, na wenye kusaidia walisema lazima kwanza wakuje waone kwetu kama ni kweli hatuna.

Sasa mimi nikafanya vile ungefanya. Mgeni akikuja, nyumba ivae. Si ndio ulikuwa unasema? Nikapanda kwa Mama Brayo, floor ya nne, akanipatia TV, kapeti na vitambaa za viti. Flaski ya maua ikatoka kwa caretaker. Nekesa alikuwa koleji. Akaingia na wageni nyuma yake, akasimama kwa mlango kama amekosea nyumba.

Walikuwa wawili, madam na kijana wa kuandika. Unanijua, mimi sisemi, naangalia tu. Nikaona madam ameangalia TV. Akaangalia kapeti. Kijana akaandika.

"Mnaishi vizuri," madam akasema.

Hakusema vibaya. Lakini ile kalamu, Mama. Hapo ndio nilielewa nimemharibia. Nekesa akainamisha kichwa, akamimina chai. Alikuwa ananificha aibu, na ni yeye angebaki bila karo.

Nikasimama.

"Madam, hiyo TV ni ya Mama Brayo."

Wakaniangalia.

"Na kapeti. Na vitambaa. Flaski ni ya caretaker."

"Sasa yenu ni gani?"

Nikafikiria. "Chai ni yetu."

Kumbe Mama Brayo amesimama kwa korido anasikiza. Akasema, "Sukari ni yangu."

Huyo madam alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akaambia kijana afute, aandike upya. Wakakunywa chai yote.

Nekesa alienda Jumatatu. Nilimbebea godoro mpaka ndani ya hiyo geti, na hakuna mtu alituuliza kitu. Ako na meza yake ya kusomea, iko kwa dirisha. Nilikaa hapo kidogo, nikaangalia nje kwa macho yako.

Nyumba imekuwa kubwa bila yeye. Lakini niko sawa, Mama. Naimba hata nikifua, na unajua vile naimba.

Lala vizuri huko ulikolala. Nakuahidi atamaliza, na siku hiyo wageni watakuja hapa Kware, na nyumba itavaa vitu zetu. Nimeanza na flaski, ya maua, kubwa kushinda ya caretaker. Wiki hii hata haiko. Mama Brayo ameazima, ako na wageni.

Mtoto wako,
Wafula