Baba, Lindo Lako Limepokelewa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini kukuandikia bila shikamoo mkono wenyewe unakataa.

Barua imetoka. Nasema ile barua ya jeshini ambayo Mama aliingoja kuliko alivyowahi kungoja mvua. Imeandikwa wazi kwamba ulitumikia nje ya nchi, kisiwani, ng'ambo ya bahari, na kwamba cheti chako cha kumaliza jeshi kilikosewa. Niliisoma kwa sauti kaburini kwako, Mama akiwa amesimama pembeni na kanga yake mpya. Ningependa niishie hapo nikuage, maana hapo ndipo kila mtu hapa Itigi anadhani mambo yaliishia. Lakini baadaye limetokea jambo ambalo siwezi kumwambia Mama. Nimekosa wa kumwambia isipokuwa wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisimama mlangoni jua likizama? Fimbo begani, uso umeelekeza kwenye vichaka, kama mtu aliyeambiwa kuna kitu kitatokea humo. Mimi nilikuwa navaa kofia yako iliyoniziba macho, nakuja mbio na kupiga saluti. "Lindo nimepokea, afande!" Ulicheka sana, ila hukusogea. "Wewe si wa zamu hii," uliniambia. Mpaka Mama atoke jikoni akuguse bega, ndipo uingie ndani kula. Nilidhani ni utani wa mstaafu. Wazee wengine walikuwa na bao, wewe ulikuwa na mlango.

Na habari zako za bahari! Mtu wa Itigi, ambako maji mengi tunayaona kwenye pipa, unatueleza habari za maji yanayopumua. Ulisema ukisimama kimya utayasikia yakivuta pumzi na kuitoa, na ukiyasikiliza sana utaanza kupumua nayo. Sisi tulikatazwa kucheka. Ulisema ulikwenda badala ya rafiki yako Msengi, wa Misigiri, mliyelala naye kitanda kimoja cha ghorofa, wewe juu, yeye chini. Malaria ilimwangusha siku ya kuondoka. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa, hakukuwa na muda wa kubadilisha, ukabeba begi lake ukapanda. "Kule kote mimi nilikuwa Msengi," ulisema, na hukulalamika hata siku moja.

Habari moja tu uliitoa kwa sauti ya chini. Lindo lako la mwisho lilikuwa ufukweni, mahali ambapo maji yalikuwa yanakufikia kwenye buti. Wa kukupokea hakuja. Honi ya lori ikalia, wenzako wanapanda kurudi nyumbani, nawe ukaondoka bila kumkabidhi mtu. Nilikuuliza kwani kuna ubaya gani, kazi si ilikuwa imeisha? Ukanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu huzikwa.

"Lindo halikabidhiwi hewa, mwanangu. Mimi pale sijatoka."

Siku tuliyokuzika walisoma wasifu wako kwa kufuata cheti. Kambi zikatajwa moja baada ya nyingine, zote za huku bara, kisha wakarukia kustaafu kwako. Kisiwa hakikuwepo. Nyuma ya turubai mtu akacheka, akauliza kwa sauti ya kutosha, "Sasa ile bahari alikuwa anaiotea wapi?" Mama alisikia. Hakulia tena siku ile. Watu walipotawanyika alisema kaburi halitajengewa mpaka cheti kiseme kweli, kwa sababu hataki kumfunikia mume wake saruji akiwa na jina la mwongo.

Basi likabaki udongo mtupu, na mbuzi wakaanza kuja.

Kwanza walikuwa wetu, halafu wa jirani, halafu wa watu tusiowajua. Walipita majani, walipita pumba niliyowamwagia, wakaenda kuinamisha vichwa kaburini na kulamba. Walilamba taratibu, macho wameyafumba. Hawakulamba pote, walilamba upande wa miguuni tu, mpaka pakawa na shimo kama bakuli. Bwana mifugo alisema huenda udongo una magadi. Nikamwonyesha udongo wa hatua chache pembeni, ambao mbuzi hawakuugusa, akavaa kofia yake akaenda zake. Mama alichovya kidole pale shimoni, akakiweka ulimini. Alikaa nacho kidogo.

"Chumvi," alisema. "Baba yako hajarudi. Nenda kamlete Msengi."

Nilikwenda Misigiri kwa basi la kupitia Singida. Mzee Msengi nikamkuta kakaa kwenye kigoda, mtu mzima anayeheshimika, na majirani wakaniambia kabla sijauliza kwamba huyu ndiye aliyekwenda ng'ambo. Baba, nilimpa shikamoo, nikakaa, naye akaanza kunisimulia bahari. Ilikuwa bahari yako. Maji yanayopumua, samaki mwenye sura ya katekista, mpishi aliyelia kwa kukosa mlenda. Alinyamaza pale pale ulipokuwa ukinyamaza ili tucheke. Nilikuwa nikiangalia mdomo wa mtu mwingine ukitoa sauti yako. Kumbe uliporudi ulimpa habari zote, yeye akazivaa.

Alipomaliza nikamuuliza kuhusu lindo la mwisho. Hakuwa nalo, hilo hukumpa. Kwa hiyo nikamsimulia mimi, na nikamweleza habari za mbuzi.

"Wanalamba upande gani?" aliuliza.

"Wa miguuni, mzee."

Aliinama, akatazama miguu yake mwenyewe kwa muda mrefu. Nilijua ninachomwomba. Kwenye makaratasi yeye ndiye aliyekwenda, na hapo kijijini hakuwa na heshima nyingine. Wajukuu zake walikuwa mlangoni wanasikiliza. Hatimaye alisema, "Lile lindo lilikuwa langu. Aliyetakiwa kusimama pale ni mimi." Alisema kwa sauti, na wajukuu wakasikia.

Alikula kiapo mbele ya hakimu kwamba wakati wa safari ile alikuwa kalazwa hospitali ya kambi, na kwamba aliyepanda kwa jina lake ni wewe. Ofisini karani alimuuliza Mama kama tunafuatilia mafao. "Nafuatilia mume wangu alikuwa wapi," Mama akamjibu, na yule kijana akaacha kutabasamu. Tulizungushwa, tukarudishwa, tukaenda tena, mpaka barua ikatoka.

Mzee Msengi alikuja kwa ajili ya kuisoma, kavaa koti na viatu vilivyopakwa rangi. Jua lilikuwa utosini na mbuzi walikuwa pale pale, hatukujisumbua tena kuwafukuza. Nilipofika penye jina la kisiwa wote waliacha kulamba wakainua vichwa. Mzee akasogea mpaka kwenye lile shimo, akasimama wima kuliko mgongo wake unavyomruhusu, akapiga saluti.

"Lindo nimepokea," alisema. "Nenda nyumbani, ndugu yangu."

Mbuzi wakaachia njia. Sijui nieleze vipi. Walijigawa wawili wawili kushoto na kulia, kama wanavyofanya mtu akipita katikati yao, kuanzia kaburini mpaka mlangoni kwetu. Mama akageuza kichwa taratibu akifuata kitu kwa macho, kisha akaingia ndani, nikamsikia akivuta kiti. Tangu siku ile analala vizuri, na mbuzi hawajarudi. Kaburi tumelijengea. Nilifurahi Baba, nisikufiche, nilifurahi mpaka nikacheza.

Wiki iliyopita nilimpelekea Mzee Msengi asali ya shukrani. Nilifika jua linazama. Alikuwa kasimama mlangoni, fimbo begani, uso kaelekeza shambani. Mkewe alikuwa anacheka jikoni, akaniambia, "Tangu arudi kwenu amekuwa hivi, mpaka nimguse bega ndipo aingie kula." Mimi sikucheka. Mbuzi wa jirani walikuwa wamemzunguka, wanalamba kizingiti alipokanyaga, macho wameyafumba. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, na Misigiri mvua haijanyesha toka mwezi wa nne.

Nikampa shikamoo. Hakugeuka. "Unayasikia?" aliuliza. Kisha akauliza kwa upole, kama anayetumaini, "Wewe ni wa zamu hii?"

Baba, nilikuwa mtoto tena. Yale maneno yalikuja yenyewe, nilikuwa nayo mdomoni yote, nimeshafungua kinywa. Kitu kikanizuia, nikaweka asali chini, nikamgusa bega ili aingie, nikawahi basi.

Sasa nakuomba. Wewe umeshapumzika, na kule unakujua. Yule mzee hakuwahi kuiona bahari hata siku moja, na amesimama ndani yake kwa ajili yako. Tafuta wa kumpokea. Mtafute huko huko kwa wenzako, asiwe wa huku. Nakuomba kama mwanao, kwa sababu toka siku ile niliyofumba kinywa, kila jua likizama najikuta niko mlangoni, na ulimi wangu una chumvi.

Pumzika, Baba. Kiti chako Mama hajakisogeza.

Ni mimi, kitindamimba wako,
ambaye si wa zamu hii.