Mguu Uliopona

Jumatatu, 3 Machi
Uvimbe wa kuteguka umekwisha. Kifundo cha mguu kimerudi saizi yake, mfupa unaonekana tena. Mume wangu amefurahi kama kapona yeye. Basi kesho nirudi kwenye cherehani, anasema.

Nimejaribu kuvaa soksi. Soksi tu — nimeona nyota.

Jumanne, 4 Machi
Nimerudi kazini. Chumba cha kushonea ni changu na wifi yangu, dada wa mume. Tunamwita Kasuku, maana neno likiingia kwake halilali.

Nimekanyaga pedali kwa mguu mzima. Ule mwingine nimeuweka pekupeku juu ya stuli. Kitambaa cha hariri kikateleza mezani, kikauangukia. Nimelia mbele ya mteja. Kwa hariri!

Kasuku akamwambia mteja kwamba mguu wangu huuma penye kazi, penye chakula hutembea wenyewe. Mteja akacheka. Nimefuta machozi kwa hariri yake. Sijutii.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Mume kaja. Kasuku kaja pia, bila kuitwa.

Eksrei safi. Kasuku kaguna. Daktari hakuguna. Ni kijana, anaongea taratibu, na alikuwa akinitazama mimi, si mume wangu.

Kanieleza hivi: mguu ulipovimba ulipeleka habari za maumivu kutwa kucha kwenye ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Huko kuna seli za kupokea habari, na nyingine za kuzihudumia. Zikisumbuliwa mno zinamwagiana kemikali, zinachocheana. Uvimbe unaisha, zenyewe bado hazijatulia. Shuka likinigusa, habari inafika mgongoni ni mguso, inapanda kichwani ni moto.

"Kwa hiyo ni mawazo tu," mume akasema.

"Hapana, mzee. Ni ugonjwa. Mama anaumwa kweli."

Nilitaka arudie. Kaandika dawa, kasema wengine hutulia upesi, wengine huchelewa, hawezi kunidanganya.

Njiani Kasuku hakukaa kimya. Mguu unauma, ugonjwa uko mgongoni, kesho tutaambiwa umehamia kwa jirani. Mume wangu akacheka. Kidogo tu, puani. Soksi ilikuwa afadhali.

Jumamosi, 8 Machi
Dawa inanilegeza, haijatuliza kitu. Mume haongei na mimi siku hizi. Anaongea na mguu. Akiingia: "Haujambo?" Akitoka: "Haya, usalimie mgongo."

Jumapili, 9 Machi
Naandika nikiwa kitandani.

Baada ya chakula nilijilaza. Ukuta wetu ni mwembamba. Nikamsikia Kasuku akimwambia kaka yake kwamba mtu anayejifanya akilala husahau kujifanya. Anijaribu, aone. Nikasema moyoni, atakataa.

Akaja bila viatu. Sikuwa nimelala. Nilifumba macho — nilitaka kujua kama ataweza.

Aliweza. Alishika pindo la shuka, akalipitisha kwenye unyayo, polepole, kama anapangusa vumbi.

Sijui nilipiga ukelele gani. Redio ya jirani ilizimwa.

Alipiga magoti. Alilia, mtu mzima yule. "Nimeamini, mke wangu. Nisamehe." Kisha nikamsikia ukumbini akimfokea dada yake aondoke, na kandambili za Kasuku zikitoka mbio.

Wiki nzima hii nilikuwa nikiomba aniamini. Haya, kaniamini. Ukelele kausadiki papo hapo. Mimi nilipomwambia, nikiwa macho, nikiwa mkewe, haikutosha.

Sasa yuko nje ya mlango na beseni la maji na taulo. Anauliza kama aingie anikande mgongo. Sauti ni ile ya zamani, ya uchumba. Mlango hauna komeo, na anajua. Ameuliza tena. Sijasema ndiyo, sijasema hapana.

Nasikia anaweka beseni chini, kitasa kinalia.