Hori la Nguruwe

Kambini Hampton, Virginia
Februari 1863

Kwa kaka yangu mpenzi Elam,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Mimi ni mzima, ila kikohozi cha moshi wa mahema. Wewe je? Nasikia huko jeshini mnachimba mahandaki na kula biskuti ngumu kama kigae. Ziloweke kwenye kahawa, kaka, usijivunje meno. Anayeandika haya ni mwalimu wa hapa kambini. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwomba asinipambie maneno.

Ulipotorokea kwa Mayankii, hao askari wa Kaskazini wanaotupokea sisi watumwa, na wengine wakafuata, jimbo lilipitisha sheria: kila chombo mtoni kifungwe mnyororo na kulindwa, kisicho na mlinzi kipasuliwe. Bwana Pruitt, mnyapara, alitutangazia uani akitabasamu. "Haya, anayetaka kwenda kwa Mayankii na atembee juu ya maji!" Mzee Tolliver, yule mvuvi, alilazimishwa kuupasua mtumbwi wake kwa shoka lake mwenyewe. Alipomaliza akatuambia kuni za mwaka huu zitanuka samaki. Tulicheka kidogo, kisha kila mtu akatazama chini.

Baadaye ikaja amri nyingine: watumwa wa kando ya mto wahamishiwe bara, milimani, mbali na manowari za Mayankii. Magari ya kutubeba yalikuwa yaje Jumatatu. Mkeo Viney akanivuta ndani ya banda la kukaushia nyama. "Wifi," akasema, "sheria imetaja mashua, imetaja mitumbwi. Imetaja hori la nguruwe?" Nikamwambia amerukwa na akili. Akanijibu kwamba akili ndiyo kitu pekee ambacho hawajamnyang'anya.

Ulikuwa msimu wa kuchinja, kwa hiyo lile hori refu la mbao, tunamomwagia nguruwe waliochinjwa maji ya moto ili wanyonyoke manyoya, lilikuwa nje. Tuliliburuta hadi ukingoni mchana kweupe, eti tunakwenda kulisugua, tukaziba nyufa kwa matambara na mafuta. Mara wakatokea askari wawili wa doria. Mmoja akauliza tunafanya nini na kitu kile. Viney akainua tambara lililojaa mafuta. "Tunaosha hori la nguruwe, bwana. Karibu unuse." Yule akaziba pua, mwenzake akamcheka, wakaenda zao.

Jumapili asubuhi ukungu ulishuka mzito. Manowari ilikuwa imetia nanga ng'ambo; hatukuiona, tulisikia kengele yake tu. Sasa kaka, kaa chini. Una binti. Ulipoondoka Viney alikuwa na mimba, naye mwenyewe hajajua. Mtoto anaitwa Tamar, ana paji lako la uso na ubishi wako. Nilimfunga mgongoni, tukaingia horini. Hata hatujatoka kwenye matete, maji yakaanza kupanda. Hori halikutuweza sote. Na upande wa shamba mbwa wakaanza kubweka.

Najua umekuwa ukimtafuta mkeo katika kila mstari. Hayupo nami, Elam. Alishuka, maji yakamfika kiunoni. Nilimng'ang'ania mkono wa gauni, nikamwambia nishuke mimi, yeye ndiye mama. Akanibandua kidole kimoja kimoja. "Wewe una mikono ya kupiga kasia," akasema. "Mimi nina miguu. Mshike mwanangu." Akatusukuma, kisha akapanda ukingo akikimbia na kupiga mayowe, na mbwa wakamfuata yeye. Nilipiga maji kwa ubao wa kufulia, sioni mbele wala nyuma, nikiifuata kengele, mpaka mabaharia wakatuvuta kwa kamba.

Sikukuandikia mapema kwa kuwa sikujua nikuambie yu hai au amekufa. Wiki iliyopita mzee Tolliver alifika hapa kwa miguu, ametoroka huko bara. Alimkuta Viney kwenye mitambo ya kuchemshia chumvi, alikopelekwa baada ya kukamatwa, mguu una pingu, lakini mzima. Viney alimuuliza neno moja tu: "Walivuka?" Mzee akamwambia tulivuka, maana Pruitt alivyotukana asubuhi ile shamba zima lilijua. Tolliver anasema Viney alicheka kwa sauti hadi msimamizi akageuka, kisha akaendelea kukoroga chumvi huku bado anacheka.

Nisalimie wenzako wote huko. Tamar ameanza kusimama, ameshika nguzo ya hema. Namfundisha kutamka mama kabla ya shangazi. Mungu akutunze.

Dada yako,
Dorcas